Duka likikosa chenji, mtoto ndiye anayelipa

Mama mmoja mwenye watoto watatu ameniandikia ujumbe mrefu wiki hii. Kwa kifupi ni hivi. Alimtuma mwanawe wa darasa la tatu dukani na shilingi elfu mbili. Chenji ilitakiwa iwe mia tatu. Mtoto akarudi na kipande cha boksi la sabuni, kimeandikwa kwa kalamu "300" na saini ya muuzaji, kwa sababu sarafu zilikuwa zimekwisha. Mama akakitia kwenye kikombe juu ya kabati.

Siku nne baadaye akampa mtoto kile kipande akachukulie chumvi. Kaunta alikuwa amesimama kijana mwingine. Akakitazama, akakigeuza, akasema hakijui, na mbele ya wateja akamwambia mtoto aache ujanja. Mtoto akarudi nyumbani analia. Mama, chungu kiko jikoni na mdogo yuko mgongoni, akahisi kwamba huyu ameila ile mia tatu na kipande kile alikiandika mwenyewe. Akamchapa. Jioni baba mtu akapita dukani, na mwenye duka akasema bila wasiwasi: ndiyo, saini ni yangu, nilisahau kumwambia kijana.

Mama anauliza: "Nimwambie nini mtoto? Na hii tabia ya kupewa makaratasi na pipi badala ya chenji tuifanyeje?"

Dada yangu, nitafika huko. Kwanza naomba nikusimulie habari ya watu wengine waliopewa vipande badala ya fedha, maana ukiijua utaona kwamba lile boksi la sabuni lina ndugu zake wengi duniani, na kwamba yaliyomkuta mwanao yalilikuta hata shirika la reli lenye mawakili wake.

Aprili 1861 vilianza vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, majimbo ya Kaskazini dhidi ya yale ya Kusini. Vita vinakula fedha kuliko kitu kingine chochote. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo benki za New York zikasimamisha kuwapa watu dhahabu yao, na Februari 1862 serikali ikapitisha sheria ya kuchapa noti ambazo hakuna mahali ungezipeleka ukabadilishiwa dhahabu. Watu wakafanya ambacho watu wote hufanya wakiingiwa na hofu. Wakaficha. Ilianza kufichwa dhahabu. Kufika katikati ya 1862 sarafu za madini ya fedha nazo zikatoweka, kwa kuwa madini yaliyomo ndani yake yalikuwa yamepita thamani ya noti yenye tarakimu ileile, na nyingi zikavushwa kwenda Kanada. Mwisho ikawa zamu ya senti.

Hapa ndipo panaponishangaza. Senti ya wakati ule ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na nikeli, na madini yake hayakuwa mali ya kumtajirisha mtu. Lakini kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki mikononi, nayo ikaanza kufichwa. Wajanja wakawa wanaziuza kwa vifurushi, unatoa zaidi ya thamani yake ili upate tu za kurudishia wateja chenji.

Usiione senti kama kitu kidogo. Askari wa kawaida wa jeshi la Kaskazini alilipwa dola 13 kwa mwezi, yaani kama senti 43 kwa siku, na huenda ana mke na watoto nyumbani wanaozisubiri. Mke huyo akienda kununua mkate na akakosa kurudishiwa senti mbili tatu kila mara, kufika mwisho wa wiki amekwisha kupoteza mlo. Mwenye fedha nyingi hasumbuliwi na chenji, ananunua gunia. Anayesumbuliwa ni anayenunua kidogo kidogo, kila siku. Sisi tunaopima mafuta ya kula kwa kibaba tunalijua hili bila kufundishwa.

Basi watu wakaanza kulipana kwa stempu za barua. Julai 17, 1862 bunge likaliruhusu jambo hilo kisheria. Mwazie konda wa daladala mchana wa joto, mfuko umejaa stempu zenye gundi nyuma! Zilishikana, zikachanika, zikachafuka, zikawa hazitambuliki. Bwana mmoja aitwaye John Gault akapata hataza mwezi Agosti mwaka huo ya kuitia stempu ndani ya kifuniko cha shaba ya njano, juu yake kioo chembamba cha ulanga, ili ionekane bila kuguswa. Nyuma ya kifuniko kulikuwa na tangazo la mfanyabiashara. Wazo zuri, ila kifuniko kiliongeza gharama, mtu akawa ananunua stempu kwa zaidi ya bei ya stempu. Halikufika mbali.

Serikali nayo ikatoa noti ndogo ndogo za senti 5, 10, 25 na 50, zenye picha za stempu, na za mwanzo zilikuwa na kingo za matundu kama stempu zenyewe. Zilisaidia. Lakini angalia hesabu: ndogo kuliko zote ilikuwa ya senti 5. Pengo la senti moja, mbili, tatu na nne likabaki wazi, na hilo ndilo pengo la mama mwenye kikapu.

Pengo hilo walilijaza wenye maduka. Kuanzia mwisho wa 1862, na zaidi ya yote mwaka 1863, vinyozi, waoka mikate, wauza dawa, wauza nyama na wenye vilabu vya bia walikwenda kwa mafundi wa kugonga chapa wakatengenezewa vipande vya shaba vyenye ukubwa wa senti. Upande mmoja jina la duka na mtaa, upande wa pili labda bendera, mzinga, au kichwa cha George Washington. Inakadiriwa vilitengenezwa zaidi ya milioni 25, na miji kama New York na Cincinnati ilikuwa na vya kila aina. Watu wakavipokea. Ungefanyaje? Kinyozi anakurudishia kipande chake, wewe unampa muuza maziwa, muuza maziwa anakipeleka kwa mwoka mikate, na ilimradi kila mmoja anaamini kwamba wa pili atakipokea, maisha yanakwenda.

Watoto wako watafurahia hili: viko vipande vilivyoandikwa "senti moja" kwa herufi kubwa, lakini ukikaza macho unakuta juu yake neno dogo kama chungu, "si". Si senti moja. Mtengenezaji alitaka kionekane kama senti, na wakati huohuo akikamatwa na serikali aseme, mbona nimeandika si senti? Viko vingine vilivyobeba amri ya John Dix, aliyekuwa waziri wa fedha, kwamba yeyote atakayejaribu kuishusha bendera ya Marekani apigwe risasi papo hapo. Fundi mmoja akakosea herufi, badala ya "spot" akagonga "spoot", na kosa lake limebaki kwenye shaba mpaka leo.

Sasa faida ilikuwa wapi? Kutengeneza kipande kimoja kuligharimu chini ya senti moja. Mwenye duka akikutoa nacho kama senti nzima, amekwisha kupata tofauti hapohapo. Na kila kipande kinachopotea chini ya kitanda, au kinachomezwa na mtoto, au kinachosafiri na askari kwenda vitani kisirudi, ni deni ambalo halitadaiwa tena. Sisemi wote walikuwa wezi. Wengi walivipokea vipande vyao vilipowarudia, kwa sababu jina lao liko juu yake na wateja ni majirani. Lakini yote yalitegemea moyo wa mtu mmoja.

Ndipo anapoingia Gustavus Lindenmueller. Huyu alikuwa na ukumbi wa bia New York, na vipande vyake vya 1863 vina uso wake mwenyewe na ndevu zake nyingi, nyuma kikombe cha bia chenye povu. Inasemekana alitoa zaidi ya milioni moja. Vilizagaa mjini, na abiria wakavitumia kulipia nauli kwenye mabehewa ya farasi ya shirika la reli la Third Avenue. Kisa kinachosimuliwa na wakusanyaji wa sarafu ni kwamba shirika lilipokuwa limekusanya rundo kubwa, likampelekea Lindenmueller avilipe. Akakataa. Akawaambia waondoke navyo. Na shirika halikuwa na la kufanya, kwa sababu hakuna sheria iliyomlazimisha kulipa.

Soma tena ujumbe wa yule mama hapo juu, kisha umsome Lindenmueller.

Serikali ilichukua hatua 1864. Sheria ya Aprili 22 ilileta senti mpya nyembamba ya shaba iliyotiwa bati na zinki kidogo. Chuo cha kutengeneza sarafu kilikuwa kimeona kwamba watu wanavipokea vipande vyembamba vya madukani bila shida, hivyo kwa namna fulani serikali ilijifunza kwa vinyozi. Ikaja pia sarafu ya senti 2, ya kwanza kubeba maneno ya kumtumaini Mungu ambayo sasa yako kwenye fedha zote za Marekani. Na hili wengi hawalijui: kabla ya hapo muuzaji hakulazimika kisheria kupokea senti hata za serikali. Sheria hiyo ndiyo iliyosema sasa zipokewe kwa malipo, mwisho senti kumi kwa mara moja. Kisha Juni 8 ikapigwa marufuku kwa mtu binafsi kutengeneza sarafu yoyote ya kutumika kama fedha, adhabu ikiwa faini isiyozidi dola 3,000, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Vipande vikakoma. Waliokuwa navyo kwenye mikebe nyumbani wakabaki navyo.

Haikuwa mara ya kwanza. Kule London, tangu siku za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya 1640, wenye maduka waligonga vipande vya robo ya peni mpaka mfalme Charles wa Pili alipovizuia mwaka 1672 na kutoa vya kwake. Wala haikuwa mara ya mwisho, na hapa kwetu tulionja upande wa pili wa jambo hilohilo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, meli za kivita za Uingereza zilifunga pwani, na Wajerumani waliotawala Tanganyika wakakosa sarafu kutoka kwao. Mwaka 1916 wakazigonga Tabora, kwenye karakana ya reli: heller 5 na heller 20 za shaba, na za dhahabu za rupia 15 zenye tembo na mlima nyuma yake. Chini ya mwaka kuna herufi T, ya Tabora. Wabelgiji wakauteka mji huo Septemba mwaka uleule. Hizo zilikuwa za serikali, si za duka, lakini njaa iliyozileta ni ileile. Ukiwa na babu wa Tabora, muulize kama katika ukoo wenu iliwahi kuonekana.

Na pipi? Pipi nazo zina historia. Italia katika miaka ya 1970, bila vita yoyote, sarafu ziliadimika mpaka maduka yakawa yanarudisha pipi na vipande vya kupigia simu, na benki zikachapa vihundi vidogo vya lira mia moja mia moja. Zimbabwe, walipoanza kutumia dola ya Marekani mwaka 2009 na sarafu zake hazipo, wenye maduka walirudisha pipi, kalamu na vikaratasi vya kudai, hadi serikali ilipotoa sarafu za mpito Desemba 2014.

Mimi nasema wazi: kati ya kipande cha Lindenmueller na pipi ya kwa Mangi, afadhali kipande. Kipande angalau kingeweza kupita kwa mwoka mikate. Mpe mtoto pipi sita kesho aende nazo palepale zilikotoka, aombe chumvi, uone kama zitapokewa. Na pipi ile duka limeinunua kwa bei ya jumla, limekuuzia kwa bei ya rejareja, tena limekuuzia kitu ambacho hukukiomba. Faida ni ileile ya kipande cha shaba. Tofauti ni kwamba huyu aliyebanwa ana miaka minane na anaipenda pipi, kwa hiyo hatalalamika.

Sasa, dada yangu, swali lako. Nimwambie nini mtoto?

Mwambie umekosea. Kwa maneno hayohayo. Najua wengi wetu tumelelewa kwamba mzazi haombi radhi kwa mtoto, akizidisha sana siku hiyo anampikia chapati na mambo yamekwisha. Chapati ipike, lakini na maneno yasemwe. Mtoto huyu aliambiwa mwongo mara mbili katika siku moja, na mtu wa kaunta na mama yake, ilhali alikuwa ameshika karatasi ya kweli mkononi. Ukinyamaza, atakachokumbuka ni kwamba karatasi ya kweli haikumsaidia. Safari nyingine akipata shida dukani hatakuambia. Atakula pipi njiani na kusema chenji imepotea.

La pili, baba yake amekwisha kuzungumza na mwenye duka, vizuri, lakini walizungumza wakubwa wawili na mtoto hayupo. Aende naye. Kijana wa kaunta alimwita mjanja mbele ya wateja, basi aseme mbele ya mtoto kwamba hakuwa mjanja. Hakuna haja ya ugomvi. Salamu, maelezo, sekunde thelathini. Wenye maduka wengi ni waungwana, wanahitaji kukumbushwa tu.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Kila duka la mtaani lina daftari. Tukikopa unga tunaandikwa humo, jina, tarehe, kiasi, na mwisho wa mwezi hakuna linalosahaulika. Lakini duka likiwa ndilo linalodaiwa, tunapewa kipande cha boksi! Kwa nini daftari lifanye kazi upande mmoja? Mwombe Mangi atenge ukurasa wa mwisho wa daftari lake kwa ajili ya chenji za watu. Anayekuwa kaunta, awe yeye, mkewe au kijana, ataliona. Mfundishe mtoto kusema kwa adabu: "Shikamoo anko, mama amesema kama hakuna chenji andika kwenye daftari, pipi tusichukue." Mtoto wa miaka saba anaweza kuyasema maneno hayo. Mara ya kwanza yatamtoka kwa kusitasita, kwa hiyo mfanyishe mazoezi nyumbani, wewe ukiwa muuzaji mwenye kiburi. Watacheka, na watayashika.

Na sasa tujiangalie na sisi. Kile kikombe juu ya kabati kina nini kingine? Nenda kakimwage mezani. Katika nyumba nyingi utakuta sarafu za mia, za mia mbili, na za hamsini ambazo hakuna anayejishughulisha nazo. Wamarekani wa 1862 walifukia senti zao halafu wakalalamika kwamba madukani hakuna senti. Zetu hatujazificha kwa hofu, tumezisahau, lakini kwa Mangi matokeo ni yaleyale: droo tupu. Kila Jumamosi acha mtoto azihesabu, azipange kumi kumi, azipeleke dukani abadilishiwe noti. Atajifunza hesabu kuliko ile ya daftari la shule, na duka litakuwa na chenji za wiki. Kulipa kwa simu kunasaidia sisi wenye simu. Mtoto wa darasa la tatu haendi dukani na simu yako, wala usimpe.

Kwa wenye watoto wengi likizo hii, upo mchezo nilioufanya na wa kwangu. Mkubwa anafungua duka la maboksi, anakata vipande vya karatasi ngumu, anaandika jina lake na "100" na kuvitoa kama chenji. Wadogo wanunue, wabadilishane, wauziane zamu ya kukaa dirishani. Jioni mwambie mkubwa afunge duka, kisha waache wadogo waje na vipande vyao kudai karanga halisi ulizoziweka kwenye sahani. Usiingilie. Wa kwangu mkubwa alikuwa ametoa vipande thelathini na saba, na karanga zilikuwa ishirini.

Wiki ijayo nitajibu zile barua tatu za akina baba kuhusu mashemeji wanaohamia nyumbani "kwa siku mbili".